Projektaili jioni Tandika: simulia kwanza, fomula baadaye

Wanafunzi wa Kidato cha Tano wanaokuja kwangu twisheni hapa Tandika huwa wameshakutana na projektaili, yaani kitu kilichorushwa kikaachwa kisafiri hewani, shuleni, na karibu wote wanafika na fomula tatu kichwani: ya muda wa kukaa hewani, ya kimo cha juu kabisa, na ya umbali wa mlalo. Wanazitiririsha kama sala. Ukiwauliza ile ya umbali inafanya kazi wakati gani na wakati gani haifanyi, darasa linanyamaza, unasikia feni tu, kama umeme upo.

Nafundisha fizikia kwa watoto wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), jioni na Jumamosi, na kwa miaka niliyoifanya kazi hii nimefika kwenye msimamo ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi: zile fomula tatu mwanafunzi asizione kabisa mpaka mada iishe. Si kwamba ni za uongo. Shida ni kwamba zinampa mtoto jibu kabla hajajua ameulizwa nini, na watunga mitihani wanalijua hilo kuliko sisi.

Siku ya kwanza sitoi swali. Namwita mtu mbele, nampa chaki, namwambia achore njia ya jiwe lililorushwa kwa mshazari kuelekea juu. Wengi huchora mstari ulionyooka unaopanda, halafu kona, halafu mstari unaoshuka wima kama kitu kilichochoka ghafla. Wengine wanacheka, lakini na wao wakipewa chaki wanachora karibu vilevile. Huwa nawaambia wasione aibu. Mwitalia Tartaglia, aliyechapisha kazi yake kuhusu mizinga mwaka 1537, alishajua kwamba pembe ya nyuzi 45 ndiyo inayorusha mbali zaidi, lakini hata yeye kwenye michoro yake risasi ya mzinga inaanza kwa mstari ulionyooka, inapinda, kisha inadondoka wima. Ilipita miaka mia moja na ushee, mpaka 1638, Galileo akiwa mzee aliyefungiwa nyumbani kwake kwa amri ya kanisa, ndipo kitabu chake kikachapwa Leiden kikionyesha kwamba njia hiyo ni parabola, yaani tao lililopinda, toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kipande kilichonyooka, hata kidogo.

Alichokiona Galileo ndicho ninachotaka kiingie kabla ya kalamu kugusa karatasi: ndani ya mwendo huo mmoja mna miendo miwili isiyoingiliana. Kuna wa mlalo, ambao hakuna kinachouharakisha wala kuupunguza tukiiweka hewa pembeni. Na kuna wa wima, ambao dunia inauvuta chini kwa mchapuko wa 9.8, yaani kila sekunde kasi ya kushuka inaongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Ni kama abiria wawili wa daladala moja: hawasemeshani, lakini wamepanda pamoja na watashuka kituo kimoja. Kinachowaunganisha ni muda tu.

Kuliambia darasa hivyo haitoshi. Wanaandika, wanaitikia "ndiyo mwalimu", na swali la kwanza tu wanachanganya mlalo na wima. Kwa hiyo natumia sarafu. Rula ya sentimita 30 naiweka mshazari kwenye ukingo wa meza, ncha moja ikiwa imetokeza nje. Juu ya ile ncha naikalisha sarafu ya shilingi mia mbili. Sarafu ya mia naiweka mezani, karibu na ukingo, ikigusana na ubavu wa rula. Naibana rula katikati kwa kidole, kisha naipiga kwa haraka izunguke. Ya mia inasukumwa na kuruka kuelekea walipo wanafunzi. Ya mia mbili inaachwa hewani, rula imeikimbia chini yake, inadondoka palepale.

Kabla sijapiga, nawaambia wafumbe macho. Hilo ndilo la maana, maana macho yanafuata sarafu inayoruka na kuisahau nyingine. Sakafu ni ya saruji, kwa hiyo mlio unasikika vizuri: "ta!" Mmoja. Wanafungua macho, wanaona sarafu moja chini ya meza na nyingine imefika miguuni kwa aliyekaa mstari wa mbele. Hapo ndipo kelele zinaanza. "Mwalimu, rudia!" Narudia. Napiga kwa nguvu zaidi, sarafu ya mia inafika karibu na mlango, na mlio ni uleule mmoja.

"Lakini hii imesafiri mbali zaidi," alibisha kijana mmoja wa PCM, mbishi kweli, wa wale wanaokufanya ujiandae nyumbani.

"Imeshuka kiasi gani?"

"Kimo cha meza."

"Na ile nyingine?"

Akatazama meza, akatazama sakafu, akakaa. Meza yetu ina kimo cha mita 0.8. Ukitoa hesabu, muda wa kushuka ni kipeuo cha pili cha (1.6 gawanya kwa 9.8), hiyo 1.6 ikiwa mara mbili ya kimo, karibu sekunde 0.4. Kwenye hesabu hiyo hakuna mahali pa kuweka kasi ya mlalo, hata ukitaka. Tena sarafu hizo hazina uzito sawa, na uzito nao hauna mahali pake.

Kosa la pili kwa wingi ni lile la kileleni. Mwanafunzi anaandika kwamba kitu kikifika juu kabisa kasi yake ni sifuri. Hapa dawa yangu ni kivuko cha Kigamboni. Wengi wao wamekipanda, na asiyekipanda ana ndugu ng'ambo. Nawaambia: umesimama kwenye kivuko, bahari imetulia, chombo kinakwenda mwendo usiobadilika, unarusha chungwa juu wima na kulidaka. Linarudi mkononi, haliangukii nyuma yako. Mtu aliyesimama ufukweni upande wa Magogoni anaona nini? Wanafikiri kidogo, halafu mmoja anasema anaona chungwa linapanda na kushuka huku linakwenda mbele. Basi huyo wa ufukweni anaona parabola, wewe unaona mstari wa wima, na chungwa ni hilohilo. Likiwa juu kabisa, kwako limesimama. Kwa yule wa ufukweni linaendelea kusogea kwa kasi ileile ya kivuko. Kilichofika sifuri ni kasi ya wima peke yake, na mvuto wa dunia haukupumzika hata hapo kileleni. Galileo mwenyewe alitumia mfano wa meli, mwaka 1632, ila alikuwa na ugomvi mwingine: alitaka kuonyesha kwamba dunia inaweza kuzunguka bila sisi kuachwa nyuma.

Baada ya hapo ndipo swali linaandikwa ubaoni. Lile ninalolipenda nimelitunga mwenyewe, na nalitumia kila mwaka nikibadilisha namba. Mtu yuko ghorofani Kariakoo, mita 20 kutoka chini. (Usifanye hivyo, nawaambia, chini kuna wamachinga na wateja wao.) Anarusha chupa kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, pembe ya nyuzi 30 juu ya mlalo. Itaangukia umbali gani kutoka chini ya jengo?

Waliokariri wanamaliza upesi. Wanachukua fomula ya umbali: kasi ya kwanza kipeo cha pili, mara saini (sin) ya pembe maradufu, gawanya kwa mchapuko. 225 mara 0.866 gawanya kwa 9.8, wanapata mita 19.9. Wanaweka kalamu chini na kuniangalia kama waliomaliza kazi.

Sisemi kwamba wamekosa. Namwita mmoja asimulie safari ya chupa, kwa Kiswahili, bila namba hata moja. Mtihani utakuwa kwa Kiingereza, hilo najua, lakini mtoto anayeshindwa kusimulia kwa lugha anayoiotea ndoto hawezi kusimulia kwa lugha nyingine. Mara ya mwisho alisimama binti mpole wa PCB. Akaanza: chupa inatoka mkononi, inapanda kidogo, inasimama kupanda, inaanza kushuka, inapita usawa wa mkono wake tena, halafu...

Akanyamaza. "Halafu bado ina ghorofa zote za kushuka," akasema, na akageuka kuangalia ile 19.9 yake ubaoni.

Hapo alikuwa amejionea mwenyewe. Ile fomula inahesabu mpaka chupa inaporudi usawa wa mkono. Imejengwa kwa sharti kwamba mahali pa kuanzia na pa kuangukia ni kimo kimoja, na sharti hilo halijaandikwa ndani ya herufi zake. Ukikariri herufi bila sharti, umekariri nusu.

Tukaanza upya. Tunachora mistari miwili ya kukatana, tunakubaliana juu ni chanya na chini ni hasi, na hatugeuzi makubaliano hayo mpaka swali liishe. Kasi ya wima ni 15 mara saini ya 30, yaani 7.5. Kasi ya mlalo ni 15 mara kosaini (cos) ya 30, karibu 13. Chupa inaishia mita 20 chini ya mkono, kwa hiyo −20 = 7.5t − 4.9t², t ikiwa muda na 4.9 ikiwa nusu ya 9.8. Ukipanga vizuri unapata 4.9t² − 7.5t − 20 = 0, na t ni sekunde 2.93. Zidisha na kasi ya mlalo: mita 38. Karibu mara mbili ya jibu la waliokariri.

Ule mlinganyo unatoa majibu mawili. La pili ni −1.40. Shuleni wameambiwa "kataa jibu hasi, muda hauwezi kuwa hasi", na wanalikata kwa mstari bila kulitazama usoni. Mimi nawazuia. Nawauliza, sekunde 1.4 kabla hujarusha, chupa ingekuwa wapi? Inabidi uwape muda kidogo hapo. Jibu ni kwamba kama mtu mwingine angeirusha kutoka ardhini wakati huo, kwa kasi inayofaa, ingepanda na kupita mkononi mwako ikiwa na kasi na mwelekeo uleule uliourusha wewe, kisha ikaendelea na parabola ileile. Hesabu haijui kwamba chupa ilianza mkononi. Inajua parabola nzima, na inakupa pande zote mbili inapokutana na ardhi. Wewe ndiye unayechagua kwa sababu unajua habari.

Siku hiyo yule kijana mbishi alikuwa ameandika 20 badala ya −20. Kikokotoo chake kikagoma, kikaandika kwamba kuna kosa la hesabu, maana chini ya kipeuo kulikuwa na namba hasi. Alikuwa anakitikisa akidhani betri imekufa. Nikamwambia kikokotoo chako ni kizima, na kimekujibu vizuri tu swali ulilokiuliza. Umekiuliza chupa itafika lini mita 20 juu ya mkono wako. Kwa kasi ya wima ya 7.5, chupa inapanda mita 2.87 tu juu ya mkono, basi. Haitafika 20 kamwe, na ndivyo kilivyosema.

Aliangalia kile kikokotoo kwa heshima mpya.

Na kwa kuwa tuko kwenye vikokotoo: angalia kama kiko kwenye nyuzi au kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Saini ya 30 kwenye radiani ni −0.988. Nimeona karatasi ambayo mpira umepigwa kwenda juu na kasi yake ya wima ni hasi toka sekunde ya kwanza, na mwenye karatasi ameendelea kurasa mbili bila kushtuka kwamba mpira wake unachimba uwanja. Aliyesimulia kwanza angeshtuka mstari wa pili.

Mambo mengine hayahitaji maneno mengi. Swali likisema tumia 9.8, tumia 9.8. Likisema 10, tumia 10, usilete ujuaji. Kwa faida ya anayetaka kujua, hapa Dar, kwa kuwa tuko usawa wa bahari na karibu na ikweta, thamani halisi ni karibu 9.78. Na namba usizikadirie katikati ya safari, subiri jibu la mwisho.

Kuhusu hewa, wanaouliza ni washabiki wa mpira. Kipa akiupiga mpira kwa mita 30 kwa sekunde, pembe ya 45, fomula inasema utaangukia karibu mita 92 mbele, na uwanja wenye vipimo vya kimataifa kwa kawaida una urefu wa mita 105. Simba au Yanga, hakuna kipa tuliyemwona anafanya hivyo. Hewa inakula sehemu kubwa, na njia halisi ya mpira inashuka kwa mteremko mkali kuliko ilivyopanda. Kwa hiyo ule mchoro wa siku ya kwanza, wa kitu kinachopanda taratibu na kushuka karibu wima, haukutoka hewani. Walichora walichokiona uwanjani. Tunachokifanya darasani ni kuiondoa hewa kwanza ili tuone kilichobaki, na kwa sarafu inayoanguka kutoka mezani hewa karibu haina habari.

Swali lililonifurahisha kuliko yote lilitoka kwa binti aliyekuwa anarusha tufe kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Kocha wake alikuwa anamwambia asirushe juu sana, na kitabu kinamwambia 45. Amsikilize nani? Nikamwambia tusimsikilize yeyote, tukokotoe. Tufe linatoka mkononi likiwa juu ya ardhi, tuseme mita 2, kwa mita 10 kwa sekunde. Darasa likagawanyika, nusu wakafanya kwa 45, nusu kwa 40, kila upande ukijenga mlinganyo wake kama wa chupa. Wa 45 wakapata mita 11.92. Wa 40 wakapata 12.04. Sentimita 12 tu, lakini kwenye tufe sentimita 12 ni mtu na medali yake. Sababu ni kwamba kile kimo cha mita 2 kinampa tufe muda wa bure wa kushuka, na muda huo unatumika vizuri zaidi ukiwa na kasi kubwa ya mlalo. Tena mwili wa binadamu unasukuma kwa nguvu zaidi kwa pembe ya chini kidogo kuliko ya juu, ndiyo maana warushaji wazuri wanashuka hata chini ya 40. Kocha alikuwa sahihi bila kukokotoa. Binti akaandika kwenye daftari lake, akapigia mstari mara mbili, sijui alimwonyesha nani.

Mwisho wa mada ndipo nazitoa zile fomula tatu, lakini wanazitoa wao. Nawaambia waweke kimo cha kuanzia na cha kuishia kuwa sawa, bila namba, waone kinachobaki. Fomula ya umbali inajitokeza yenyewe na sharti lake likiwa limening'inia pembeni. Wanaona pia kwa nini nyuzi 30 na nyuzi 60 zinafika umbali mmoja, kitu ambacho Galileo naye alikithibitisha: moja inakaa hewani muda mfupi ikikimbia, nyingine inakaa muda mrefu ikijivuta.

Halafu nawapa embe. Liko mita 8 mbele yako na mita 4 juu ya mkono wako, na unaweza kurusha jiwe kwa mita 12 kwa sekunde. Urushe kwa pembe gani? Hapa hakuna fomula ya kukariri, unapanga milinganyo miwili, unauondoa muda, unabaki na mlinganyo wa kipeo cha pili wa tanjenti (tan) ya pembe. Majibu yanatoka mawili tena: karibu nyuzi 48, na karibu nyuzi 69. Safari hii hakuna hata moja lililo hasi, yote mawili yanapiga embe. Na ukirusha chini ya mita 11.26 kwa sekunde hakuna jibu kabisa, kikokotoo kitagoma, na sasa wanajua kinamaanisha nini.

Nikawauliza wangechagua ipi. Wakaanza kubishana kuhusu muda na kimo. Yule kijana mbishi hakuandika kitu, alikuwa anaangalia dirishani, uliko mwembe wa mama mwenye nyumba na nyuma yake mabati ya jirani.

"Arobaini na nane," akasema. "Ukikosa kwa sitini na tisa, linashuka juu ya bati la watu."

Nikamwambia aje ubaoni atuhesabie kama kweli lingefika kwenye lile bati. Akauliza bati liko umbali gani, nikamwambia atoke nje na futi kamba akapime.